Shajara Iliyovaa Jalada la Kanuni za Maji

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita: nipo chini ya kitanda cha mama mkwe wangu. Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, nimelala ubavu wa kulia, na mwenye kitanda ameingia chumbani ghafla na kuketi.

Nafupisha yaliyonifikisha hapo, maana wengine mmeshaanza kunifikiria vibaya.

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Mtaani wananiita Jalada. Miaka mitatu iliyopita, wiki ileile aliyohamia kwetu mama mkwe, nilitangaza kwamba sikio langu la kushoto limekufa. Uongo mtupu. Sikio zima kabisa, linasikia mpaka sisimizi akipiga chafya. Ila mama mkwe ni mtu wa maneno, na mimi nilitaka angalau upande mmoja wa kichwa changu upumzike. Mezani nikamwachia kiti cha kushoto, nikala kwa amani.

Uongo huo ungeishia mezani kama si mke wangu. Mke wangu ni msusi, na kila Jumapili asubuhi hunikalisha kwenye kigoda uani akaninyoa mwenyewe. Akishamaliza upande wa kulia na kuhamia kushoto, huzima mashine, huinama, na kuanza kuongea na sikio ambalo anajua limekufa. Huliambia mambo ambayo hajamwambia mtu yeyote. Nani alimkera dukani, anaogopa nini, ni nani aliyevipeleka viatu vyangu vya njano jalalani na kwa sababu gani.

Mtu mwenye adabu angesema mapema, "Mke wangu, nasikia." Mimi nilijitia hamnazo. Jumatatu ikifika, naingia kazini, nafungua shajara yangu na kuyaandika yote.

Shajara yenyewe niliificha kifundi. Kila tukipata kazi ya vitabu tunatengeneza majalada mawili matatu ya ziada, ili moja likiharibika tusikwame. Mwezi uliopita tulipata kazi ya Kamati ya Maji ya mtaa wetu, nakala sitini za Kanuni za Matumizi ya Maji, Toleo la Nne. Nikajiuliza ni binadamu gani atakayekifungua kitabu hicho kwa hiari yake. Nikachukua jalada moja la ziada, nikaishona shajara ndani, nikaiweka rafuni mchana kweupe. Bosi naye akahesabu nakala akapata hamsini na tisa. Akanyoosha mkono rafuni, akaichukua shajara yangu kutimiza sitini.

Boksi likaenda kwa katibu wa Kamati ya Maji. Katibu wa Kamati ya Maji ni mama mkwe. Akalisukuma chini ya kitanda chake, akasema halifunguliwi mpaka mkutano wa Jumamosi saa nne.

Sasa mnajua kwa nini mkwe mzima, mwenye ndevu, alikuwa mahali ambapo hakuna mkwe anayepaswa kuwa.

Lakini kuna jambo moja sikulisema wiki iliyopita. Nililiruka kwa sababu ya aibu. Ukurasa wa mwisho wa shajara ile haukuwa na mzaha. Jumapili ya kabla ya hapo, mashine ilipozimwa, mke wangu aliliambia sikio langu kwamba chuo cha ususi cha mji mwingine kimemwandikia barua. Wanamtaka akafundishe, mwaka mzima, na wanataka jibu kabla ya Jumatatu. Akasema hajawahi kutaka kitu maishani kama anavyoitaka kazi hiyo. Kisha akasema hatakwenda.

"Nitamwachaje mtu wa sikio moja peke yake barabarani?" aliliuliza sikio lenyewe. "Gari litamgonga."

Akawasha mashine, akaendelea kuninyoa.

Kwa hiyo nikimwambia aende, ataniuliza nimejuaje. Nikinyamaza, atabaki nyumbani kwa ajili ya ugonjwa ambao sina. Wiki nzima sikulala vizuri, na chakula nilikuwa nakitazama tu. Na sasa, badala ya kuwa mahali pa maana nikitafuta la kufanya, nilikuwa na springi ya kitanda ubavuni.

Mama mkwe alikuwa anaongea na simu, na aliyekuwa upande wa pili ni mwenyekiti wa Kamati. Alimwambia kwamba amelifungua boksi jana kuhakikisha idadi, na kwamba katika nakala zote ameona moja nene kuliko nyingine. Akaona si vizuri nakala hiyo ikaangukia kwa mtu wa kawaida. Ameitenga kwa ajili ya mwenyekiti, tayari ipo kwenye mkoba wake.

Nikaliangalia boksi nililokuwa nimelikumbatia. Ndani yake kulikuwa na nakala hamsini na tisa za kanuni za maji, halali kabisa, zisizo na kazi yoyote kwangu.

Simu ikaisha. Springi zikanyanyuka. Mama mkwe akapiga magoti alitoe boksi, na tukaonana uso kwa uso.

"Mkwe," alisema. "Unafanya nini huko?"

Hapa naomba mtulie mnifuate, maana ndipo mtaelewa maisha yangu. Nilikuwa nimelala ubavu wa kulia. Sikio la kulia, ambalo kwa uongo wangu ndilo pekee linalosikia, lilikuwa limebanwa sakafuni. Lililo wazi lilikuwa la kushoto, ambalo ni marehemu. Mtu wa namna hiyo akilala namna ile, hata upige baragumu hasikii. Kwa hiyo sikuweza kumjibu. Nilibaki nimetumbua macho, namtazama kama anayetazama dirisha.

Aliniita mara tatu. Mara ya nne alikwenda kuchukua ufagio akanichokoa mbavuni.

Nikatoka, nikajikung'uta, nikamsalimia kwa heshima zote. Mfukoni nilikuwa na chupa ndogo ya gundi ya kazini, nikaitoa kama hirizi. Nikamweleza kwamba nimekuwa nikisikia, kwa sikio langu hili la kulia, kitanda chake kikilia, nikaona nije kuunga mguu.

"Kitanda ni cha chuma, mkwe."

"Ndiyo maana gundi inakataa kushika, mama."

Aliuegemeza ufagio ukutani. Halafu akazunguka taratibu mpaka upande wangu wa kushoto, na huko akasema yote anayoyafikiri kuhusu mimi, kuhusu akili yangu na kuhusu siku binti yake aliponikubali. Mhariri hawezi kuyachapa. Nilitabasamu muda wote kama mtu anayeombewa dua, kisha nikabeba boksi, maana ndilo nililoamriwa.

Tukaongozana. Yeye mbele, mkoba begani, zipu haijafungwa, na mgongo wa shajara yangu umechungulia nje. Mimi nyuma, mikono yote miwili imejaa boksi. Ningeweza kuuma kile kitabu kwa meno nikakitoa. Nilipiga hesabu hiyo kwa hatua mia mbili, na mara moja nilisogeza shingo kabisa. Akageuka. Nikajifanya napiga mwayo.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima sitini wamejibana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamefika kidevuni, na ubaoni kumebaki hesabu za kutoa ambazo hazijafutwa. Mbele kuna meza ya mwalimu. Kulia kakaa mwenyekiti, anayeitwa Bwana Ajenda kwa sababu hata kwenye misiba hutembea na faili. Kushoto kakaa mama mkwe na kalamu yake, tayari kuandika kila litakalosemwa.

Nakala zikagawiwa. Ile nene ikatoka mkobani, ikatua mbele ya Bwana Ajenda. Akaipima uzito kiganjani, akawatazama wenye nakala nyembamba, akaridhika.

Nilipiga moyo konde, nikasimama. Nikawaambia wanachama kwamba kama fundi mwaminifu sina budi kukiri kosa la kitaalamu. Gundi iliyotumika haikuwa nzuri. Vitabu vitaachia kurasa ndani ya wiki. Naomba nakala zote, nikianza na ya mwenyekiti, zirudi karakanani leo hii.

Nilidhani nimepona. Sikumhesabu fundi bomba.

Fundi bomba wa mtaa wetu anaitwa Koki, na ni mtu asiyeamini kitu mpaka akivute. Akaishika nakala yake kwa mikono miwili, upande huu na upande huu, akavuta. Kitabu hakikuachia. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Hakikuachia. Akampa jirani yake aliye mnene zaidi. Baada ya dakika mbili darasa zima lilikuwa linavuta vitabu. Wapo waliokanyaga upande mmoja kwa mguu. Mama mmoja na mumewe walishika nakala moja wakavutana mpaka dawati likasogea.

Haikuachia karatasi hata moja. Nimefanya kazi ya kujalidi miaka kumi na minne, na hiyo ndiyo siku ya kwanza kuulaani mkono wangu.

Koki akasema hajawahi kuona kazi imara namna hii, hata kwenye mabomba. Wakanipigia makofi. Bwana Ajenda akaagiza iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba fundi ni mnyenyekevu kupita kiasi.

Nikajaribu tena. Nikasema basi hizi nyingine ziko sawa, ila ya mwenyekiti mgongo umevimba, hiyo ni kasoro, ngoja nimbadilishie na yangu. Bwana Ajenda akaikumbatia kifuani. Akauliza darasa zima kama kuna aliyewahi kuona mwenyekiti akipewa kitabu chembamba kuliko cha fundi. Hakuna aliyewahi. Nikaketi.

Sasa, Kamati ya Maji ina desturi yake. Mwenyekiti hasomi, anasomewa. Na anayesoma ni yule wa kwanza kuchelewa. Mkutano ukishafunguliwa, atakayeingia mlangoni kabla ya wengine ndiye anayepewa nakala ya mwenyekiti, anasimama mbele na kusoma kifungu kwa kifungu, na kila kifungu kinapigiwa kura. Ndiyo adhabu ya kuchelewa. Kwa sababu hiyo watu wa mtaa wetu huwahi mikutano ya maji kuliko wanavyowahi harusi.

Bwana Ajenda akafungua mkutano. Tukatazama mlango. Nikaomba kwa moyo wote aingie mtu asiyejua kusoma, au mzee yule wa kona ambaye miwani yake ilivunjika tangu mwaka juzi.

Akaingia mke wangu.

Alikuwa ametoka kumalizia kichwa cha mteja. Kitana kimechomekwa kwenye nywele za kisogoni, na nyuzi za nywele bandia zimemganda kwenye sketi. Watu wakacheka, yeye akacheka nao, akatubu kosa la kuchelewa na kwenda mbele. Bwana Ajenda akamkabidhi kitabu kwa mikono miwili.

Akafungua ukurasa wa kwanza.

Ukurasa ule naujua kwa moyo. Umeandikwa kwa kalamu ya buluu, kwa mwandiko wangu ambao mke wangu anaujua kuliko uso wangu. "Leo nimeliua sikio langu la kushoto. Mama mkwe ameongea dakika arobaini kuhusu mapazia na sikulazimika kujibu hata neno moja."

Kicheko chake kikakatika katikati. Akageuza jalada kuangalia jina la kitabu. Akarudi ndani. Akafunua kurasa kumi kwa mpigo, akasoma. Akafunua nyingine kumi. Nilikuwa dawati la tatu, na nilikuwa naona midomo yake ikisogea. Alikuwa anasoma maneno yake mwenyewe. Miaka mitatu ya Jumapili, yote aliyoyasema mashine ikiwa imezimwa, yamepangwa kwa tarehe.

Siwezi kuwadanganya, nilitamani sakafu ipasuke. Kuumbuka mbele ya watu si kitu, nimezoea. Lakini nilimwona akifika ukurasa wa mwisho, ule wa barua ya chuo, na niliona mkono ukimshuka kidogo na kitabu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mtu huyu alikuwa na mahali pamoja tu duniani pa kuweka siri zake, na mahali penyewe ni mimi, na mimi nilikuwa nazitoa na kuzijalidi.

Bwana Ajenda akakohoa. Akasema wanachama wanasubiri.

Mke wangu akainua uso. Hakunitazama.

"Kifungu cha kwanza," alisema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa. "Mwanachama asijifanye bomba lake limeziba, ilhali linapitisha maji usiku na mchana."

Kurasa zikafunuliwa darasa zima. Mwalimu mmoja mstaafu akanyoosha mkono, akasema kwake kifungu cha kwanza kinahusu usafi wa ndoo. Wa pembeni yake naye, ndoo. Minong'ono ikaanza.

Bwana Ajenda akainua kiganja. Akaeleza, kwa upole wa mtu mwenye kitabu kinene, kwamba nakala ya mwenyekiti ina nyongeza. Ndiyo maana ya nyongeza. Akamgeukia katibu athibitishe.

Nikamtazama mama mkwe. Yeye ndiye aliyeziandika kanuni zile, kwa mkono wake, kwa miezi minne, na alijua fika kwamba hakuna kitu cha namna hiyo. Lakini kukiri mbele ya watu sitini kwamba kuna kifungu asichokijua lilikuwa jambo asiloliweza.

"Niliona kuna haja," alisema.

Mjadala ukawa moto. Koki akasema anazijua nyumba tatu zenye mchezo huo, mtu anadai bomba limeziba ili asiulizwe, na ukiweka sikio unasikia maji yanapita. Akasema hao ndio wabaya kuliko wezi, maana mwizi angalau anakimbia. Mwingine akataka kujua adhabu. Mama mkwe, kwa kuwa kifungu kimeshakuwa chake, akapendekeza adhabu kali kuliko wote.

"Bomba la namna hiyo ling'olewe," alisema. "Mwenyewe akiwepo."

Wakapiga kura. Mikono yote ikanyooka. Koki akanigeukia akashangaa mbona wangu uko chini, nikaunyanyua. Nilijipigia kura ya kung'olewa, tena kwa mkono wa upande wa kushoto.

"Kifungu cha pili," alisema mke wangu. "Aliyekuwa akichota maji kwenye kisima cha mwenzake, mwenye kisima asijue, na kuyahifadhi kwenye pipa lake, arudishe pipa zima."

Hicho hakikuwa na mjadala mrefu. Mtu mmoja tu aliuliza kama mchotaji anaruhusiwa kubaki hata na kikombe. Mke wangu akajibu kwamba kwa mujibu wa nakala aliyonayo, haruhusiwi. Kikapita. Mama mkwe akaandika, huku akitikisa kichwa kuikubali kazi yake.

Kwenye kifungu cha tatu alikawia. Alifungua ukurasa wa mwisho, akaufunga kidole kikiwa ndani, akaufungua tena.

"Kifungu cha tatu. Mtu akipata maji mengi na mazuri mahali pa mbali, asizuiwe kwenda kwa sababu ya bomba la nyumbani lililosingiziwa ubovu."

Sauti ilimtetemeka kwenye neno "mbali". Watu wengine walidhani ni kiu. Koki, ambaye hana kifua, akauliza nani anamzuia nani, maana yeye anaweza kwenda kulitazama hilo bomba leo jioni. Mke wangu akamwambia litatazamwa.

Kikapita kwa kura zote. Bwana Ajenda akasema hajawahi kusikia kanuni zinazogusa hivi. Akaamuru vifungu vya ndoo na vinginevyo vihesabiwe vimesomwa, na akamwambia msomaji anaweza kwenda kuketi. Alipotaka kitabu chake, mke wangu akamwambia kuna kurasa chache mgongoni zimekaa vibaya, fundi yupo, atazishughulikia nyumbani. Akaondoka nacho. Mimi nilikuwa nimehangaika asubuhi nzima, nimechokolewa kwa ufagio, na yeye alikipata kwa sentensi moja.

Akaja mpaka dawati langu. Kulikuwa na nafasi kulia kwangu, pana, ya kutosha. Akaipita. Akazunguka, akajibana kushoto, kitabu kimelala mapajani mwake, viganja vyote viwili juu ya jalada.

Mbele, Bwana Ajenda aliuliza kama kuna mwenye neno la kufungia mkutano. Watu walikuwa wanajinasua kwenye madawati kimyakimya, wakitafuta miguu yao.

Mke wangu akainama kuelekea sikio langu la kushoto, kama afanyavyo kila Jumapili.

"Ile barua ya chuo," alinong'ona. "Jibu nililipeleka jana."

Akanyooka. Akatazama mbele, kwenye hesabu za ubaoni.

Ndugu zangu, nimewahi kubeba uongo mzito, lakini sijawahi kubeba sentensi nzito kama ile. Jana. Jana ni Ijumaa, kabla hajaiona shajara. Jana alikuwa bado ana mume wa sikio moja. Kwa hiyo kama alijibu jana, alijibu hapana, amekosa chuo, na mimi ndiye niliyemkosesha. Au labda alichoka, alijibu ndiyo, anakwenda, na asubuhi hii amekutana na sababu ya kutorudi. Yote mawili yalinikata maini. Kulikuwa na njia moja tu ya kujua.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa hatua tano kutoka nilipo, anamalizia kumbukumbu. Mama huyu amesema mbele ya sikio hili, kwa miaka mitatu, mambo ambayo akijua nimeyasikia, mimi na yeye hatutakaa tena nyumba moja. Nilijiambia nisubiri mpaka nyumbani. Nikajiambia nisubiri Jumapili, kigodani. Nikakumbuka kwamba Jumatatu ndiyo mwisho, na kama jibu lilikuwa hapana, labda bado linaweza kufutwa, lakini si kwa mtu anayesubirisubiri.

Mdomo ukanitangulia.

"Umewajibu nini?"

Sikupiga kelele. Lakini darasa lilikuwa kimya, na madarasa yana mwangwi. Koki akasimama na mguu mmoja ndani ya dawati. Bwana Ajenda akashusha faili.

Mke wangu akanigeukia polepole. Macho yalikuwa mekundu, ila uso ulikuwa umetulia.

"Nimewajibu kina nani, mume wangu?" aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la nyuma. "Kwani mimi nimekwambia kitu?"

Mama mkwe akaweka kalamu mezani.

Watu sitini walikuwa wananitazama, na hamsini na tisa kati yao hawakujua wanatazama nini. Wa sitini alikuwa kashika jalada kwa viganja viwili, anasubiri. Nilijua hatafungua kinywa mpaka niseme nimesikia kwa sikio gani, na tangu lini.

Nikasimama.